Kutoka Mvuke wa Olkaria hadi Mawe ya Maseno: Siku Sita za Kutafuta Ghala la Hidrojeni

Siku ya kwanza: Olkaria

Tulishuka Naivasha saa nne asubuhi, mimi na mpwa wangu, tukapanda matatu ya barabara ya kusini mwa ziwa. Yeye anasomea jiolojia chuoni, yuko mwaka wa tatu, na alipewa kazi ya kuandika habari za miamba kuanzia Bonde la Ufa hadi kwetu Nyanza. Mimi ni fundi wa friji na mashine za barafu mjini Kisumu, mwaka wa 19 sasa. Nilifunga kibanda changu wiki nzima nikamfuata. Kuna jambo lilikuwa limenikaa moyoni tangu niliposikia kwamba usiku wa manane, nchi ikiwa imelala, Olkaria, kwenye visima vya kuzalisha stima kwa mvuke wa ardhini, huwa na mvuke usio na kazi, nao huachiliwa upotelee hewani. Mimi huyo huyo kila jioni naitwa mbio kuokoa friji za samaki zilizozimika kwa sababu stima imefifia. Nilitaka kuuona mvuke huo kwa macho yangu.

Kwenye lango la Hifadhi ya Hell's Gate tulikodi baiskeli mbili. Punda milia walikuwa wanakula nyasi kando ya njia kana kwamba hatupo. Ukiyapita yale majabali mekundu, mabomba yanaanza: manene, yamefungwa bati linalong'aa, yanafuatana na mteremko kilomita baada ya kilomita. Kila baada ya mwendo fulani bomba linakunja, linapanda, linavuka hewani kama mlingoti wa goli, kisha linashuka na kuendelea. Mpwa wangu akasimamisha baiskeli.

"Mjomba, unajua kwa nini limekunjwa hivyo?"

Hilo nililijua. Chuma kikipata moto kinarefuka, na bomba lililonyooka bila pa kunyumbukia lingejipasua lenyewe. Hata mabomba ya shaba ninayoyafunga nyuma ya friji nayawekea mkunjo. Sikuwahi kuona mkunjo ambao twiga anaweza kupita chini yake.

Tabaini (mashine inayozungushwa na mvuke ili itoe stima) ya kwanza hapa, ya megawati 15, iliwashwa mwaka 1981. Leo mvuke wa ardhini ndio unaobeba karibu nusu ya stima yote inayozalishwa Kenya, na ukijumlisha maji, upepo na jua unakaribia asilimia 90. Mkenya anayelalamika juu ya bei ya umeme mara nyingi hajui kwamba umeme wake ni miongoni mwa ulio safi zaidi duniani. Shida yetu ni saa. Kati ya saa moja na saa tatu usiku nchi inataka zaidi ya megawati 2,000 kwa pamoja: taa, televisheni, majiko, mashine. Ikifika saa nane usiku mahitaji yamepungua karibu kwa nusu. Kisima cha mvuke hakifungwi na kufunguliwa kama mfereji wa jikoni. Kina cha kilomita mbili hadi tatu, na ukikichezea kwa kukipoza na kukichemsha kila siku utakiharibu. Kwa hiyo kinaendelea kupumua. Wakati huohuo kule Loiyangalani mitambo 365 ya upepo, yenye uwezo wa megawati 310, inapata upepo wake mkali usiku. Mvuke na upepo wanakutana mlangoni, na mteja amelala.

Tulipiga hema kambini ndani ya hifadhi. Saa saba usiku nilitoka nje. Upande wa visima kulikuwa na wingu jeupe limesimama wima, mwanga wa taa za mitambo umelipaka rangi ya maziwa, na harufu ya yai viza inakuja na kupotea kwa kufuata upepo. Mngurumo wake haukuwa mkubwa. Ulifanana na friji kubwa inayosikika kutoka chumba cha pili. Nilikaa pale nikiwaza ni kilo ngapi za barafu zinapaa mbele yangu.

Mpwa wangu aliamka, tukawasha tochi, tukafungua daftari. Aliniandikia hesabu ya kuiweka stima hiyo ya usiku kama gesi ya hidrojeni, nayo nimeirudia kichwani safari yote.

Chukua stima isiyo na mteja, ipitishe kwenye maji ndani ya elektrolaiza, maji yanaachana: oksijeni huku, hidrojeni kule. Kilo moja ya hidrojeni inahitaji lita tisa za maji na kama yuniti 52 za stima. Ndani ya kilo hiyo umebakiza nishati ya yuniti 33. Ukiirudisha iwe stima, kwa mtambo mzuri, unapata kama 16. Yaani unaingiza magunia matatu unatoa moja.

"Sasa faida iko wapi?" nikamuuliza.

"Faida ni kwamba hiyo moja haiozi," akasema. "Unaweza kuiweka miezi sita."

Siku ya pili: Menengai

Asubuhi tulirudisha baiskeli, tukafika Nakuru kabla ya saa sita. Boda boda mbili zilitupandisha hadi ukingoni mwa Menengai. Ukisimama pale unaona bakuli lenye upana wa kilomita 12 hivi, ukuta wake umeporomoka wima, na chini kabisa ni mawe meusi ya lava yaliyomwagika kama uji uliogandia jikoni. Katikati kuna nyuzi za mvuke. Huko pia wamechimba, na mtambo wa kwanza wa megawati 35 ulianza kutoa stima mwaka 2023.

Mimi nilikuja na wazo langu, na nililisema kwa fahari. Tazama shimo hili lote, nikamwambia. Visima vimekwisha kuchimbwa, vingine havikutoa mvuke wa kutosha. Kwa nini hidrojeni isirudishwe humo humo?

Mpwa wangu hakunicheka. Alinipeleka kwenye ukingo akanionyesha ufa kwenye jabali, unaoingia mkono hadi kwenye kiwiko. Akanionyesha wa pili, halafu wa tatu. Mvuke unafika juu kwa sababu nchi hii imepasuka, akasema. Nyufa ndizo zinazoleta riziki ya Nakuru. Hidrojeni ndiyo gesi nyepesi kuliko zote, chembe zake ni ndogo mno, inapita mahali ambapo hata mvuke unashindwa. Uiweke humu na kesho hutaikuta.

Nikanyamaza, maana hapo alikuwa ameingia kwenye kazi yangu. Fundi wa friji maisha yake ni kuwinda kuvuja. Unapaka povu la sabuni kwenye kiungo, unasubiri, unatazama kama kipovu kimoja kitavimba. Nimewahi kukaa saa nne juu ya friji moja nikitafuta tundu lisiloonekana kwa macho. Na gesi zangu ni nzito, zinakaa chini. Hidrojeni ni nyepesi mara 14 kuliko hewa, haina harufu, na ikishika moto mchana mwali wake karibu hauonekani. Tena huingia ndani ya baadhi ya vyuma ikavifanya viwe vikavu na vya kukatika. Mtu anayetaka kuiweka chini ya ardhi ya watu awe na heshima kwa povu la sabuni.

Tulikaa chini ya mti, akanieleza wanaoiweka tayari. Kinachopendwa zaidi ni chumvi. Si ya mezani. Ni tabaka nene la chumvi ya mwamba lililolala mamia ya mita ardhini. Unachimba tundu moja, unashusha maji matamu, chumvi inayeyuka, unapandisha maji ya chumvi, na baada ya miezi mingi unabaki na pango lenye kuta laini. Chumvi hupenda kujiziba: ikipata ufa, uzito wa dunia unaikandamiza polepole hadi ufa unafumba. Kule Teesside, Uingereza, wameweka hidrojeni kwenye mapango matatu ya namna hiyo tangu mwaka 1972. Texas wana ya Clemens tangu 1983, kisha Moss Bluff na Spindletop, makubwa kupita kiasi. Na huko Delta, jimbo la Utah, wamechimba mapango mawili, kila moja la kubeba zaidi ya tani 5,000 za hidrojeni, karibu na kituo cha umeme kilichokuwa cha makaa ya mawe. Mitambo mipya ya kituo hicho imeundwa kuchoma gesi iliyochanganywa na asilimia 30 ya hidrojeni, na lengo ni kufika asilimia 100 mwaka 2045.

"Sisi tuna Magadi," nikasema.

"Magadi iko juu, mjomba, kwenye kitanda cha ziwa. Na chini ya Nakuru ni majivu na lava."

Kwa hiyo Nakuru ina nguvu na haina ghala. Nilishuka mlima huo nikiwa mzito kidogo. Jioni tulikula viazi karai na nyama karibu na stendi, tukalala mapema.

Siku ya tatu: njiani

Matatu hadi Londiani, kisha nyingine kupitia Fort Ternan. Barabara inashuka kutoka baridi ya Mau hadi joto la miwa ndani ya saa mbili hivi, na masikio yanaziba.

Siti ya nyuma ilikuwa na mzee mmoja aliyesikia mazungumzo yetu akaingilia. Aliuliza kama ni kweli gesi inaweza kukaa ardhini bila kutoroka, maana kwao walichimba kisima na maji yenyewe yalitoroka. Mpwa wangu akamjibu kwa kisa cha Mali, na matatu nzima ikasikiliza. Mwaka 1987, kijiji cha Bourakébougou, wachimbaji walikuwa wanatafuta maji. Hawakuyapata. Kukatoka upepo tunduni. Mtu mmoja akainama kuchungulia huku ana sigara mdomoni, na upepo ule ukawaka usoni mwake. Wakakiziba kisima. Miaka mingi baadaye kilipofunguliwa na kupimwa, gesi ile ilikuwa hidrojeni, asilimia 98, na ikatumika kuwasha taa za kijiji. Ilikuwa imefunikwa na matabaka ya mwamba mgumu mweusi, imekaa huko kabla ya mtu yeyote kuifikiria.

"Kwa hiyo jiwe likiwa jiwe kweli, linashika," mzee akasema.

"Likiwa jiwe kweli, baba."

Alishukia Fort Ternan. Sisi tulifika Muhoroni giza likiingia.

Siku ya nne: Muhoroni, Kano, Dunga

Muhoroni mtu anakuja kwa ajili ya sukari, lakini mimi nilitaka kuona uzio wa tabaini ya gesi. Ni mtambo uliokuwa Embakasi, Nairobi. Mwaka 2016 ukahamishiwa huku ili kuinua stima ya magharibi. Unachoma mafuta. Unawashwa hasa jioni, kwa sababu Kisumu, Kakamega, Kisii na Busia ziko mwisho wa nyaya, mbali na visima, na stima inayosafiri mbali kwenye laini iliyojaa hufika imechoka. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikaiangalia kama mtu anayemwangalia jirani aliyekuwa akimsikia tu. Olkaria wanaachia mvuke saa nane usiku. Hapa tunachoma mafuta saa mbili usiku. Kati yao ni saa sita na kilomita zisizozidi 250.

Kutoka hapo hadi Ahero ni tambarare. Mashamba ya mpunga ya Kano yalikuwa yamevunwa, yangeyange wamejaa. Nikamuuliza mpwa wangu juu ya mchanga huu mnene uliojaa maji chini yetu. Nilikuwa nimesoma kwamba Wafaransa waliwahi kuweka gesi kwenye mwamba wenye maji. Ni kweli, akasema. Beynes, karibu na Paris, kuanzia mwaka 1956, waliweka gesi ya mji ambayo nusu yake na zaidi ilikuwa hidrojeni. Wacheki wakafanya hivyo Lobodice. Huko Lobodice walipoipima baada ya miezi, hidrojeni nyingi ilikuwa imetoweka na methani imeongezeka. Vijidudu vinavyoishi gizani ndani ya mwamba vilikuwa vimeila. Mbali na hilo, akasema akionyesha msichana aliyekuwa anasukuma mkokoteni wa mitungi ya maji, wakazi wa Kano wanakunywa kutoka humo. Nilikubali pale pale. Maji ya kunywa ya watu hayachezewi.

Dada yangu, mama yake huyu kijana, anauza samaki Dunga. Tulimkuta anapanga mbuta kwenye friji tatu za kulala. Alimkumbatia mwanawe, "Karibu baba, umekonda," kisha akanigeukia: "Na wewe, ndugu yangu, ile ya katikati inalia."

Ilikuwa saa moja na dakika 20. Nikachomeka mita yangu kwenye soketi. Inapaswa kusoma 240. Ilisoma 196, nikiwa bado naitazama ikawa 184, ikawa 178. Kompresa ya ile friji ya katikati ilijaribu kuondoka: mmm, kisha tak, imekata. Dakika mbili kimya. Mmm, tak. Ukiiacha hivyo usiku mmoja, koili inaungua, na koili ni bei ya samaki wa wiki mbili. Nilizichomoa zote tatu, tukazifunika kwa magunia yenye maji. Taa za mtaa zilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Saa tatu na nusu mita ilirudi 225 tukawasha tena. Dada yangu hakuwa amekaa muda wote huo. Alizunguka na kuzigusa friji kama mtu anayemgusa mtoto mwenye homa.

Hali hiyo aliijua zaidi usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, nchi nzima ilipozimika. Mbuta alioupoteza siku hizo anaukumbuka kwa kilo.

Tukiwa tunangoja gizani nilimweleza safari yetu. Alisikiliza hadi mwisho akauliza swali ambalo nadhani ndilo la kuulizwa na kila mtu anayeshika kalamu kuandika mambo haya.

"Hiyo gesi ya ardhini ingeniwashia friji leo?"

Nikamwambia ukweli: hapana. Kwa njaa ya saa mbili za jioni, betri inarudisha sehemu kubwa sana ya ulichoiweka, karibu tisa kwa kumi. Laini nene kutoka Olkaria kupitia Lessos hadi Kisumu, iliyojengwa kwa ajili hii hii, inatusaidia kuliko pango lolote. Kutengeneza hidrojeni saa nane usiku ili uichome saa moja jioni ya kesho yake ni kupoteza theluthi mbili ya stima kwa haraka isiyo na sababu.

Alifikiri. Kisha akaelekeza kidole nje, kwenye nyavu ambapo omena wa siku ile walikuwa bado wametandazwa.

"Kwa hiyo hiyo ni omena. Mbuta nauweka kwenye barafu, nauuza kesho. Omena naanika. Kilo nne mbichi zinabaki kama moja. Lakini hiyo moja inakaa hadi mwezi ambao ziwa halitoi."

Mpwa wangu alitafuta kalamu.

Siku ya tano: Sondu

Basi swali likawa ni mwezi gani ambao ziwa la stima halitoi. Jibu liko Sondu.

Mto huu unatoka Mau, unapita Nyakach, unaingia kwenye Ghuba ya Winam. Kwenye mteremko, maji yake yanachukuliwa na kizuizi kifupi, yanaingizwa kwenye handaki la kilomita sita na zaidi ndani ya mlima, yanaangushwa kwenye tabaini mbili za Sondu Miriu, megawati 60. Yakitoka hapo yanafanya kazi mara ya pili kwenye kituo cha Sang'oro, megawati 21. Ni kazi nzuri mno, na haikuhitaji kuzamisha bonde zima. Lakini kwa kuwa hakuna ziwa kubwa nyuma ya kizuizi, mto ukipungua stima inapungua siku ile ile.

Tulikwenda Februari. Daraja la Sondu lina maji chini yake, ndiyo, lakini mawe yameonekana mgongo, na watoto walikuwa wanavuka kwa kuruka jiwe hadi jiwe. Kijana wa boda aliyekuwa anaosha pikipiki kando alituambia kwamba mwezi wa tano mahali alipokanyaga pale ni ndani kupita kichwa chake. Nilivua viatu nikaingia. Maji yalinifika katikati ya muundi.

Hapa ndipo mpwa wangu aliporudi kwenye daftari, tukakaa juu ya jiwe na kufanya hesabu ya kweli. Tuseme unataka hidrojeni ishike nafasi ya Sondu Miriu yote, megawati 60, mto ukiwa umekauka. Kilo moja inakupa yuniti 16. Pango moja tu la Utah lingewasha megawati hizo kwa zaidi ya siku 50 mfululizo. Hiyo ni kiangazi. Hiyo ni karibu Januari na Februari nzima bila kuwasha mafuta Muhoroni kwa sababu ya mto, na gesi ile ingekuwa imewekwa tangu Aprili, Mei na Novemba, mvua zikiwa nyingi, mabwawa yamefurika na mvuke wa usiku hauna mteja.

Na betri? Hakuna nchi iliyowahi kununua betri za kuilisha miezi miwili. Betri ya kutumika mara moja kwa mwaka ni friji ya kuweka samaki mmoja. Shimo ardhini likishachimbwa, kuliongezea ukubwa ni mawe tu.

Kuna njia nyingine ya kula omena hii bila kuirudisha majini. Mkakati wa Kenya wa hidrojeni ya kijani, uliozinduliwa Septemba 2023, umeweka mbolea mbele: unachukua hidrojeni, unaiunganisha na naitrojeni ya hewani, unapata amonia, ambayo ndiyo inayotengenezewa mbolea. Ile hasara ya kurudi kwenye stima haipo kabisa. Mkulima wa Nakuru na wa Kitale wanaijua bei ya mbolea vita vilipoanza Ukraine mwaka 2022. Mimi naunga mkono hilo kwa moyo wote. Kiwanda cha mbolea hakipendi kusimama na kuanza kila stima inapocheza, kwa hiyo nacho kinahitaji ghala la hidrojeni la siku kadhaa. Ghala moja lingeweza kuwahudumia wote wawili, mkulima mwaka mzima na Kisumu wakati wa kiangazi.

Lakini chumvi hatuna. Nilimkumbusha. Akafunga daftari, akasema kesho.

Siku ya sita: Maseno

Tulianza na Kit Mikayi, barabara ya Bondo, yale mawe makubwa yaliyosimama kama yamebebana mgongoni. Watu walikuwa ndani yake wakisali, wamevaa kanzu na vitambaa. Mpwa wangu aliacha nyundo kwenye begi. Tuliliweka viganja tu. Jiwe la itale, akasema, umri wake unapita miaka bilioni mbili, ni la kitako cha zamani cha bara hili, tofauti kabisa na lava ya juzi ya Menengai.

Kisha Maseno, kwenye machimbo ya kokoto.

Hapa alinieleza kuhusu Luleå, kaskazini ya Sweden. Huko hawana chumvi. Mwaka 2022 walifungua pango la hidrojeni walilolichonga ndani ya mwamba mgumu, mita 30 chini. Ndani wamelipaka zege, na juu ya zege wameweka ngozi ya chuma iliyounganishwa kwa welding. Chuma kazi yake ni kuzuia gesi isivuje. Jiwe kazi yake ni kukataa kusukumwa. Shinikizo linafika baa 250, yaani zaidi ya PSI 3,600. Mimi mtambo wangu wa barafu ukipita PSI 300 natoka jasho. Chuma peke yake kingehitaji unene wa kutisha. Mlima ndio mtungi.

Lile la Luleå ni dogo, mita za ujazo 100, la majaribio. Hidrojeni yake ingewasha Sondu Miriu kwa karibu nusu saa. Lakini Sweden hiyo hiyo, kule Skallen karibu na Halmstad, walichonga pango la aina hii la gesi asilia lenye mita za ujazo 40,000. Lingekuwa la hidrojeni, ni siku sita hivi za megawati 60. Mapango manane ya namna hiyo, na umekaribia kiangazi chote. Gharama yake ni kubwa kuliko ya chumvi, sitaficha. Hata hivyo hili ni jiwe tulilonalo, kuanzia milima ya Maragoli hadi Bunyore na hapa, liko upande wa nchi wenye stima hafifu na karibu na maji.

Mama mmoja alikuwa amekaa chini ya kivuli cha gunia, anaponda kokoto, debe baada ya debe. Mpwa wangu alimwamkia akamwomba ruhusa ya kupima ukuta wa machimbo. Aliuliza tunatafuta nini. Dhahabu?

"Hapana, mama. Tunatafuta jiwe lisilo na ufa."

Aliinuka, akajifuta vumbi, akachukua nyundo yake mwenyewe yenye mpini uliong'aa kwa mikono. Akaligonga jabali la kwanza. Lilitoa sauti ya sufuria iliyopasuka. "Hili limekufa," akasema, "likipigwa linavunjika lenyewe, mimi ndilo nalipenda." Akatembea hatua 20 hivi, akagonga ukuta mwingine wa kijivu wenye chembe nyeupe. Uliita. Sauti safi, ndefu, niliyoijua, kwa maana ndivyo mtungi wa gesi mzima unavyoita ukigongwa kwa spana. "Hili linaumiza mkono. Mabwana wa baruti wenyewe hulikwepa."

Tulitandaza tepu ya mita kumi juu ya ukuta ule. Mpwa wangu akahesabu nyufa zilizoikata: nne, zote nyembamba, mbili kati ya hizo zimejazwa na jiwe jeupe tangu zamani. Kule kwenye jabali la kwanza alihesabu 31 kwenye urefu huo huo. Akaandika pia kwamba ukuta wa juu hausemi lolote kuhusu mita mia chini, na kwamba inahitajika kutobolewa kwa mashine, mche wa jiwe utolewe mzima, upimwe. Alitaka hilo liwe sentensi ya mwisho ya ripoti yake.

Mama akauliza shimo hilo likichimbwa, mawe yatakayotoka ni ya nani.

Hatukuwa na jibu. Mpwa wangu alifungua ukurasa mpya akaliandika swali lake kama alivyolisema, kwa maneno yake, na chini yake akaandika idadi ya madebe ambayo mita za ujazo 40,000 zingetoa. Mama aliitazama namba ile, akamwambia airudie kwa sauti.

"Milioni mbili," akasema mpwa wangu, "hata zikisagwa hafifu."

Akamrudishia daftari, akakaa chini, akavuta gunia likae sawa na jua, akaendelea kugonga.